Mkimbiaji Aliyeomba Jina Lake Lifutwe

Katika orodha ya rekodi za riadha nchini Ujerumani umo mstari mmoja usio wa kawaida. Unahusu mbio za wanawake za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, kwa timu za klabu. Muda ni sekunde 42.20, mji ni Erfurt, mwaka ni 1984, na klabu ni SC Motor Jena. Mbio hizo hukimbiwa na watu wanne, lakini majina yaliyobaki hapo ni matatu: Bärbel Wöckel, Ingrid Auerswald na Marlies Göhr. Mahali pa jina la nne pana alama ya nyota.

Mpenzi msomaji, usidhani mchapaji alikosea. Mkimbiaji wa nne anaitwa Ines Geipel, na ni yeye mwenyewe aliyeandika kwa wakuu wa riadha akaomba jina lake liondolewe. Tumezoea kuwasikia wanamichezo wakigombania kuingia katika vitabu vya rekodi. Anayegombania kutoka ni nadra sana. Sisi wauguzi tunaoandika katika kurasa hizi tuliposikia habari zake tuliona kwamba si habari za michezo peke yake. Ni habari za dawa na mwili wa mwanamke, na za wazazi wasioambiwa watoto wao wanalishwa nini.

Msichana wa Dresden

Ines Geipel alizaliwa tarehe 7 Julai 1960 katika mji wa Dresden. Wakati huo Ujerumani ilikuwa nchi mbili. Upande wa magharibi ulifuata mambo ya Ulaya Magharibi na Marekani; upande wa mashariki ulitawaliwa na chama kimoja chini ya kivuli cha Urusi. Wasomaji wetu wa Zanzibar wataikumbuka Ujerumani Mashariki kwa zile nyumba za ghorofa ilizosaidia kujenga Kikwajuni baada ya Mapinduzi. Mwaka 1961, Ines akiwa mtoto wa mwaka mmoja, serikali ya huko ilijenga ukuta kukata mji wa Berlin katikati ili raia wake wasikimbilie upande wa pili.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipelekwa shule ya bweni huko Wickersdorf, katika misitu ya Thuringia. Nyumbani kwao hakukuwa na amani. Katika vitabu vyake ameandika juu ya kipigo alichokipata kwa baba yake, na kwamba baada ya miaka mingi aligundua kuwa baba huyo alikuwa akifanya kazi ya siri ya Stasi, yaani polisi wa siri wa serikali, akivuka mpaka kwa majina ya bandia. Binti hakujua lolote.

Kutoka hapo alijiunga na klabu ya SC Motor Jena. Jena ni mji wa wastani, wenye watu wapatao laki moja, unaojulikana kwa chuo kikuu chake na viwanda vya miwani na darubini. Lakini ukija kwenye mbio fupi za wanawake, mji huo ulikuwa kama kisima kisichokauka. Fikiria wale aliopokezana nao kijiti. Bärbel Wöckel alikuwa ameshinda medali nne za dhahabu za Olimpiki, mbili mwaka 1976 na mbili mwaka 1980. Ingrid Auerswald alikuwa na dhahabu ya Moscow ya 1980. Marlies Göhr alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 100 chini ya sekunde 11 kwa saa ya umeme, mwaka 1977, na mwaka 1983 akawa bingwa wa dunia huko Helsinki. Ines, ambaye muda wake bora wa mita 100 ulikuwa sekunde 11.21, alikuwa wa nne kwa umaarufu. Hata hivyo, katika timu ya vijiti huwezi kumwacha wa nne. Kijiti kikianguka mkononi mwake, wote wameanguka.

Siku ile huko Erfurt hakikuanguka. Rekodi ya dunia ya timu za mataifa, iliyowekwa na Ujerumani Mashariki yenyewe mwaka 1983, ilikuwa sekunde 41.53. Klabu moja ya mji mmoja ilikosa kuifikia kwa sekunde 0.67 tu. Nchi nyingi kubwa zingefurahi kuwa na timu ya taifa yenye kasi hiyo.

Vidonge vya buluu

Ilikuwaje nchi ya watu wasiozidi milioni 17 ikafika hapo? Katika Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976, Ujerumani Mashariki ilichukua medali 40 za dhahabu, ikaipita Marekani. Katika kuogelea, wanawake wake walishinda mashindano 11 kati ya 13. Watu walipouliza mbona sauti za wasichana hao ni nzito kama za wanaume, kocha mmoja alijibu kwamba walikuja kuogelea, si kuimba. Watu walicheka, yakaishia hapo.

Jibu la kweli lilikuwa katika makabati ya serikali. Mwaka 1974 wakubwa wa chama walipitisha mpango wa siri ulioitwa Mpango wa Taifa namba 14.25. Kwa mpango huo madaktari, makocha na wanasayansi walipewa kazi ya kuwapa wanamichezo dawa za kuongeza nguvu kwa utaratibu maalumu, huku kila aliyehusika akitakiwa kufunga mdomo. Watu wanaokadiriwa kufika 10,000 walipewa dawa hizo katika miaka ya utawala ule, wengi wakiwa hawajafikia umri wa utu uzima. Karibu na Dresden, mahali paitwapo Kreischa, palikuwa na maabara iliyopima mkojo wa wanamichezo kabla ya safari za nje. Utasema: basi si vizuri walikuwa wanapima? Walipima ili kujua nani dawa bado haijamtoka mwilini. Huyo alibaki nyumbani, ikatangazwa kwamba ameumia.

Dawa iliyotumika zaidi iliitwa Oral-Turinabol. Ilitengenezwa na kiwanda cha Jenapharm, tena kilichokuwa mji ule ule wa Jena. Vilikuwa vidonge vidogo: vya waridi vyenye miligramu 1 na vya buluu vyenye miligramu 5. Dawa yenyewe haikuwa sumu ya panya. Ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, kwa mfano watu waliodhoofika baada ya maradhi marefu, ili miili yao ijenge nyama tena. Ni jamaa ya testosteroni, homoni inayomfanya mvulana abalehe, aote ndevu na kuwa na misuli.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana hii ndiyo sehemu tunayoifahamu. Mwanamke pia ana testosteroni, inayotoka katika ovari na katika tezi zilizo juu ya figo. Lakini ni kidogo mno, kiasi cha robo ya miligramu hivi kwa siku. Mwanamume hutengeneza miligramu 5 mpaka 7. Sasa chukua msichana wa miaka 15, mpe kila siku kidonge chenye miligramu 5 za dawa ya jamii hiyo. Si kitu kile kile hasa, lakini kipimo kinakuonyesha tunazungumzia nini. Katika hesabu zilizopatikana baadaye kwenye nyaraka za siri, baadhi ya wanawake wa mbio fupi walikuwa wamepewa zaidi ya miligramu 1,000 kwa mwaka.

Misuli huongezeka, hilo ni kweli, na msichana huweza kufanya mazoezi mazito leo na kuyarudia kesho bila kuchoka. Ndiyo maana mbinu hii ilifaa zaidi kwa wanawake kuliko wanaume. Mwili wao, uliozoea kiasi kidogo cha homoni hiyo, huitikia haraka. Lakini gharama yake inalipwa mahali pengine. Hedhi huvurugika au kukoma. Chunusi hujaa usoni na mgongoni. Nywele huota kidevuni na kifuani. Sauti hushuka, na ikishashuka hairudi hata dawa ikiachwa, kwa sababu zoloto lenyewe limebadilika umbo. Sehemu za siri nazo hubadilika. Kwa mtoto ambaye bado anakua, ncha za mifupa zinaweza kufunga mapema, akabaki mfupi kuliko alivyopaswa kuwa. Na kwa kuwa dawa hii ilitengenezwa iweze kupita salama kwenye ini, ini ndilo linaloumia: huvimba, na wengine hupata uvimbe ndani yake. Haya yote madaktari wa mpango ule waliyajua. Waliyaandika wenyewe katika taarifa zao.

Katika mwaka wa kwanza wa chuo cha uuguzi tulikaririshwa mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Hapa hakukuwa hata na mgonjwa. Alikuwapo msichana mzima wa afya, na mtu mwenye koti jeupe akimwambia kwamba hizi ni vitamini.

Mama aliyemtoa binti yake

Ines na wenzake wengi wameeleza hivyo hivyo: waliambiwa ni vitamini, au vitu vya kurudisha nguvu baada ya mazoezi. Wazazi hawakuulizwa. Msichana alikuwa bweni, akirudi nyumbani siku za likizo, na mama akiona mabega yamepanuka anadhani ni mazoezi.

Yupo mama mmoja ambaye hatuwezi kumpita. Binti yake, Rica Reinisch, alikuwa mwogeleaji, si mkimbiaji. Mwaka 1980 huko Moscow, akiwa na miaka 15, alishinda medali tatu za dhahabu. Haukupita muda mrefu akaanza kuumwa tumbo, na madaktari wakakuta ovari zake zina uvimbe. Mama yake hakungoja kocha aseme. Alimtoa binti katika mchezo, mwaka 1982, akiwa bado na umri wa kushinda zaidi. Kwa serikali ile, kumwondoa bingwa wa Olimpiki hakukuwa jambo dogo. Baadaye Rica alitoa ushahidi mahakamani. Amesema linalomuuma zaidi ni kwamba hatajua kamwe kama angeshinda bila dawa. Walimnyang'anya hata uwezo wa kufurahia medali alizonazo.

Wengine waliona mapema wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkimbiaji wa Berlin aitwaye Renate Neufeld alikimbilia Ujerumani Magharibi akiwa amebeba vidonge alivyokuwa akipewa. Vikapimwa katika maabara ya Köln, vikakutwa vina homoni za kujenga misuli. Alieleza jinsi miguu yake ilivyokakamaa, sauti ikabadilika na hedhi ikakoma. Gazeti lilichapisha habari zake. Dunia ya michezo ilisoma, ikageuza ukurasa.

Mapenzi, na operesheni

Turudi kwa Ines. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa rekodi, alikwenda Mexico kwenye kambi ya mazoezi. Huko alipendana na mwanariadha wa Mexico. Akaanza kuwaza kubaki nje ya nchi, kama wapendanao wengine wanavyowaza kuoana. Kwa mujibu wa simulizi lake, wazo hilo lilifika masikioni mwa Stasi kabla hajapata nafasi yoyote ya kulitimiza. Nafasi yenyewe ilikuwa Los Angeles, kwenye Olimpiki, lakini Ujerumani Mashariki ilifuata Urusi ikasusia michezo ile.

Kilichofuata anakieleza hivi. Alifanyiwa operesheni, akaambiwa ni kidole tumbo. Baada ya miaka mingi, alipofunguliwa faili lake la Stasi na alipochunguzwa na madaktari wengine, alielewa kwamba misuli ya tumbo lake ilikatwa kuliko operesheni ile ilivyohitaji. Mkimbiaji wa mbio fupi asiye na tumbo imara hana kitu; nguvu ya miguu hupita hapo. Mwaka 1985 alikuwa ameacha kukimbia, akiwa na miaka 25.

Tunapaswa kusema wazi kwamba hapa tunasimulia alivyosimulia yeye. Wapo watu wa michezo wa enzi zile wanaobisha sehemu za habari zake, na mabishano hayo yamekuwa makali, hata na watu waliopigana naye bega kwa bega dhidi ya dawa. Msomaji atapima. Lakini mpango wa vidonge haubishiwi, kwa kuwa karatasi zake zipo.

Na karatasi hizo tunazijua kwa sababu ya mke na mume. Brigitte Berendonk alikuwa mrusha kisahani aliyekimbia Ujerumani Mashariki akiwa kijana, akawa mwalimu huko Heidelberg. Mumewe, Werner Franke, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa mwanasayansi wa chembe hai. Baada ya ukuta kuanguka, watu wa mpango ule walianza kuharibu mafaili. Franke aliwahi nyaraka zilizokuwa katika hospitali ya kijeshi ya Bad Saarow, na mwaka 1991 Berendonk akatoa kitabu chenye majina, tarehe na miligramu.

Kutoka kiatu cha miba hadi kalamu

Baada ya kuacha riadha Ines alisoma fasihi ya Kijerumani huko Jena. Mwaka 1989, wakati wa kiangazi, alifanya lile aliloliwaza tangu Mexico. Alisafiri hadi Hungaria, ambako mpaka ulikuwa umeanza kulegea, akavuka kwenda magharibi. Miezi michache baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wenyewe ukaanguka. Angengoja kidogo angepita kwa miguu mchana kweupe; lakini nani alijua?

Alianza upya huko Darmstadt, akasoma falsafa na elimu ya jamii. Halafu akawa mwandishi. Ameandika mashairi, riwaya na vitabu vya historia, na pamoja na mwandishi Joachim Walther alikusanya maandishi ambayo utawala wa mashariki ulikuwa umeyazuia, mengi yakiwa ya watu waliofungwa au waliokufa bila kuchapishwa. Tangu mwaka 2001 alifundisha sanaa ya ushairi katika chuo cha waigizaji cha Ernst Busch huko Berlin. Sisi tunaona kwamba kazi hii ya kukusanya maandishi inafanana na ile ya vidonge kuliko inavyoonekana. Kote alikuwa akitafuta mambo yaliyofichwa na serikali juu ya watu wake.

Mahakama ya Berlin

Mwezi Mei 2000 kesi ilifunguliwa Berlin dhidi ya wazee wawili. Mmoja alikuwa Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi nzima tangu 1961 hadi 1988. Wa pili alikuwa daktari Manfred Höppner, naibu mkuu wa idara ya tiba ya michezo. Muda ulikuwa mfupi, kwa sababu kisheria makosa ya aina hiyo yangekufa kwa kupitwa na wakati mwezi Oktoba mwaka huo huo. Ines alikuwa miongoni mwa wanawake waliojiunga na mashtaka kama walalamikaji, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu juu ya kesi hiyo.

Wanawake hao walisimama mbele ya watu, wengine kwa mara ya kwanza, wakaeleza mambo ambayo mwanamke humwambia daktari wake kwa shida: mimba zilizotoka, watoto waliozaliwa na ulemavu, nywele wanazonyoa kila asubuhi, sauti inayowafanya waitwe "bwana" kwenye simu. Tumehudumu kliniki ya wanawake miaka mingi na tunajua inachukua muda gani kwa mama kufungua kinywa kwa mambo hayo hata pazia likiwa limefungwa. Wao walisema mahakamani, mbele ya waandishi wa habari.

Tarehe 18 Julai 2000 hukumu ilitolewa. Ewald alipewa kifungo cha nje cha miezi 22, Höppner miezi 18, pia cha nje. Hakuna aliyelala jela. Ewald alifariki mwaka 2002. Wengi waliona adhabu ni ndogo mno, na sisi tuko pamoja nao, ingawa lipo jambo moja ambalo hukumu ile ililifanya: mahakama ilitamka kwamba kumpa mtu homoni bila kumweleza ni kumdhuru mwili, sawa na kumpiga.

Pesa zilikuja polepole. Mwaka 2002 bunge lilipitisha sheria iliyoweka mfuko wa euro milioni 2 kwa waathirika. Mwaka 2006 Jenapharm ilikubali kuwalipa waathirika 184 euro 9,250 kila mmoja. Mwaka 2016 ikaja sheria ya pili, yenye fungu la euro 10,500 kwa mtu. Mama mwenye ini bovu na mgongo usioinama atuambie mwenyewe kama zinatosha.

Nyota mahali pa jina

Ndipo mwaka 2005 Ines akaandika barua kwa shirikisho la riadha la Ujerumani. Hakudai pesa, wala hakuomba wenzake waadhibiwe. Alitaka jina lake liondolewe kwenye rekodi ya Erfurt, kwa kuwa mbio zile zilikimbiwa kwa dawa na hakutaka ziendelee kuhesabiwa kama sifa yake.

Kwa shirikisho hilo lilikuwa fumbo. Rekodi ya watu wanne huwezi kuikata robo. Ukiifuta yote unawagusa watatu ambao hawakuomba. Ukiiacha, unamlazimisha mtu kubeba heshima asiyoitaka. Mwishowe wakaona waiache rekodi, jina litoke, na iwekwe nyota. Miaka michache baadaye mwanamke mwingine, Gesine Tettenborn, ambaye mwaka ule ule wa 1984 alikuwa katika timu ya taifa ya mita 400 mara nne, naye aliomba jina lake litolewe kwenye rekodi ya timu hiyo.

Wapo waliowaona hawa ni wasaliti. Katika mji kama Jena, ambako watu wanakumbuka medali zile kama ushindi wa nyumba yao, si rahisi kusikia kwamba ushindi ulipikwa kiwandani mtaa wa pili. Pia kuna wale wanaosema, mbona na wa magharibi walikuwa na dawa zao? Ni kweli, walikuwa nazo, na waliokamatwa wanajulikana. Lakini kuna tofauti kati ya mtu mzima anayenunua kidonge kwa siri na serikali inayomwekea mtoto kidonge mkononi.

Tunapoandika haya tunawafikiria wasichana wetu walio katika shule za michezo na kambi za riadha, na makopo ya unga na chupa zisizo na maandishi yanayoeleweka ambayo huwakuta huko. Mama, usione haya kuuliza. Kinaitwaje? Kina nini ndani? Nani amekiandika na kwa ugonjwa gani? Ukijibiwa kwamba ni vitamini tu, omba kopo ulione mwenyewe, usome lebo, na kama huielewi lipeleke kwa mfamasia au kwa muuguzi wa zahanati ya karibu. Binti akikaa miezi mitatu bila hedhi na hana mimba, mpeleke hospitali. Usikubali maneno kwamba wanariadha wote wako hivyo. Mazoezi makali bila chakula cha kutosha huweza pia kusimamisha hedhi, na hilo nalo linahitaji daktari.

Kuanzia mwaka 2013 hadi 2018 Ines Geipel aliongoza chama cha kuwasaidia waathirika wa dawa za michezo. Kwa miaka hiyo simu zilikuwa zikiingia kutoka kwa watu waliokuwa watoto katika miaka ya 1970 na 1980, sasa wana nywele nyeupe. Wengi hawakuwa mabingwa hata kidogo. Walikuwa wale walioishia kambi ya mkoa, ambao hakuna kitabu kilichowahi kuandika majina yao, na waliopiga simu kwa kuwa daktari amewauliza kwa mshangao: ulipokuwa mdogo, walikuwa wanakupa nini?